Asidi ya foliki ianzie kwenye unga, kliniki ni kuchelewa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie watoto wanaozaliwa na mgongo wazi. Habari zao hutufikia zaidi wakati wa kuchangisha fedha za upasuaji, na michango hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini yale yanayotokea kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito huandikwa kwa nadra, ilhali hapo ndipo kinga ilipo, nayo ni vitamini iitwayo asidi ya foliki.

Mrija wa neva, ambao ndio chanzo cha ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, hujifunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Ukibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, ambao aghalabu huambatana na kichwa kikubwa, miguu isiyo na nguvu na kushindwa kudhibiti haja. Ukibaki wazi upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haijengeki, na mtoto huyo hawezi kuishi. Siku hizo 28 zinapotimia, mwanamke ndiyo kwanza anaanza kujiuliza kwa nini hajaona siku zake. Wengi wetu hufika kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Fefo wanayopewa hapo, yaani vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, inawakinga na upungufu wa damu, na wasiiache; ila kwa mgongo wa mtoto imeshachelewa.

Wapo wanaosema haya ni ya kurithi na hayana dawa, na wapo waume wanaowaacha wake zao kwa sababu hiyo. Ni kweli kwamba vinasaba vina nafasi yake: wazazi waliokwishapata mtoto mmoja wa namna hii wana uwezekano wa asilimia 2 hadi 5 wa kumpata mwingine, ambao ni mkubwa mara nyingi kuliko wa wazazi wengine, na wapo watu ambao mabadiliko katika kinasaba kiitwacho MTHFR huifanya miili yao itumie foleti (vitamini hiyo hiyo ilivyo kwenye vyakula) kwa udhaifu. Hata hivyo vinasaba hivyo hutoka kwa baba na mama pia (waume wasome sentensi hii mara mbili), na kurithi uwezekano si kurithi ulemavu. Utafiti uliofanyika katika nchi saba na kuchapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba wanawake waliokwishapata mimba yenye tatizo hili, walipomeza miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla ya kushika mimba, walipunguza uwezekano wa kurudiwa kwa asilimia 72. Dozi hiyo kubwa iongozwe na daktari, maana inaweza kudhoofisha SP, dawa wanayopewa wajawazito kujikinga na malaria. Mwanamke asiye na historia hiyo anatosheka na mikrogramu 400 kwa siku. Anayetumia valproeti kwa ajili ya kifafa, au mwenye kisukari, amwone daktari kabla ya kushika mimba, wala asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tutaambiwa tule mchicha, kunde na maharage. Tule, lakini foleti ya asili huharibika kwa kuchemshwa muda mrefu na humwagika pamoja na maji ya mboga, na mimba nyingi hazipangwi. Kwa hiyo Marekani mwaka 1998, Chile mwaka 2000 na Afrika Kusini mwaka 2003 zililazimisha asidi ya foliki iwekwe kwenye unga, na watoto wenye tatizo hili wakapungua. Tanzania nayo ina kanuni zake tangu mwaka 2011 zinazogusa unga wa ngano na wa mahindi. Viwanda vikubwa vinaweza kuzifuata. Lakini sehemu kubwa ya sembe yetu haitoki huko. Hutoka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, ambapo mahindi hukobolewa, pumba na kiini vikaondoka na vitamini zake, wala hakuna kinachorudishwa. Vipo vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye mashine hizo na kudondosha virutubishi kwa kipimo wakati wa kusaga. Halmashauri, ambazo hukusanya ushuru kwa wenye mashine bila kuchelewa, zinaweza kuwakopesha vifaa hivyo.

La pili halihitaji bajeti mpya ya kutisha. Mwanamke anayekuja kutolewa kijiti, au kusema ameacha sindano kwa kuwa anataka mtoto, ametangaza nia yake mbele ya muuguzi. Aondoke siku hiyo hiyo na vidonge vya asidi ya foliki mkononi. Na mama anayeruhusiwa kutoka wodini baada ya mwanawe kufanyiwa upasuaji wa mgongo aandikiwe kwenye kadi yake dozi atakayoanza kabla ya mimba ijayo.

Mkunga mstaafu,
Iringa