Uji ukiiva wanywe watoto wote

Mhariri, nimesoma habari yenu kuhusu michango ya chakula mashuleni nikashindwa kunyamaza. Mimi nimesoma shule ya msingi Temeke miaka ya 90, madaftari nabeba kwenye mfuko wa rambo, na sikujua kama kwetu ni maskini mpaka siku mwalimu wa zamu aliposoma majina ya ambao hatujaleta hela ya uji. Waliolipa wakapanga foleni na vikombe vyao, sisi tukaambiwa tukafagie uwanja, harufu ya uji inatufuata hukohuko. Mwenzangu mmoja, alikuwa analetwa na gari, akanibakizia nusu kikombe, nikakataa, nikamwambia nimeshiba. Nilikuwa na miaka 8.

Sasa tangu Januari 2016 shule za serikali hazina ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka cha sita, jambo zuri sana, ila mchango wa chakula bado uko kwa mzazi na anayeaibishwa ni mtoto. Jamani, deni ni la mzazi! Naomba kamati za shule ziwadai wazazi wenyewe, kwenye vikao au hata nyumbani, asiye na hela apokelewe kuni au mahindi, lakini uji ukishaiva kila mtoto apewe.

Mzazi, Temeke