Faida yake, hasara yetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye hili la nani amiliki mitambo ya kufua umeme, maana naona watu tunabishana tu serikali, binafsi, serikali, binafsi, kama mashabiki wa mpira, na mkataba wenyewe hakuna anayeufungua.

Mwekezaji hajengi mtambo kwa kubahatisha. Kwanza anataka mkataba wa miaka 20 hivi, na ndani yake kuna kitu wanaita kapasiti chaji, yaani unamlipa kwa sababu mtambo uko tayari, hata usipowashwa mwezi mzima kisa mvua imenyesha, mabwawa yamejaa na umeme wa maji upo wa kumwaga. Mara nyingi malipo ni kwa dola wakati mteja analipa bili kwa hela ya nchi yake, sasa hela hiyo ikiporomoka nani anabeba? Na bado juu ya hapo anadai dhamana ya serikali, yaani mnunuzi wa umeme akishindwa kulipa, serikali imlipe. Sasa jamani huo umiliki binafsi uko wapi? Faida ndo binafsi, hasara ni ya wote.

Wanaosema soko huria litashusha bei waangalie California 2000 na 2001, watu wanakaa gizani huku madalali wa Enron, kampuni binafsi ya biashara ya umeme, wanapiga simu mtambo uzimwe ili umeme uadimike, na simu zenyewe zilirekodiwa. Ufaransa nao walianza kuuza hisa za EDF, shirika lao la umeme, 2005, kufika 2023 serikali imezirudisha zote.

Najua mtaniambia Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini. Sawa, ni ya serikali na mgao wa Afrika Kusini tunaujua, wizi ulikuwepo na matengenezo yalipuuzwa, sibishi. Ila serikali yao ilijua tangu 1998 kwamba kufika 2007 hivi umeme hautatosha, ikaizuia Eskom kujenga mitambo mipya ikisubiri wawekezaji binafsi, na hao wawekezaji hawakuja! Hiyo sehemu huwa inarukwa.

Mimi nasema umma umiliki, lakini kama lazima binafsi waje basi mkataba uwekwe wazi kabla ya kusainiwa, kapasiti chaji ni kiasi gani, kwa hela ipi, na miaka ikiisha mtambo unabaki wa nani, maana kufikia hapo tutakuwa tumeshaulipia.

Msomaji wenu