Cecil Taylor hakuanza mwaka 1966

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ili nisahihishe makala ya ukurasa wenu wa sanaa kuhusu mpiga piano wa Marekani, Cecil Taylor, aliyefariki dunia mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 89. Mwandishi ameanzia albamu ya Unit Structures ya mwaka 1966, na kwa kuanzia hapo amemwachia msomaji picha ya mtu aliyeibuka ghafla akiponda funguo za piano, kana kwamba hakuwahi kujifunza jazi ya waliomtangulia.

Miaka 10 kabla ya hapo, Septemba 1956, Taylor alirekodi mjini Boston albamu yake ya kwanza, Jazz Advance, kwa lebo ndogo ya Transition, yaani kampuni ya kutoa rekodi, iliyoanzishwa na Tom Wilson, yule yule aliyekuja baadaye kusimamia rekodi za mwimbaji Bob Dylan. Besi alipiga Buell Neidlinger na dramu Dennis Charles, naye Steve Lacy aliongeza saksofoni ya soprano katika vipande viwili tu. Humo mna Bemsha Swing ya mpiga piano Thelonious Monk na Denzil Best, mna Azure ya Duke Ellington, gwiji wa jazi aliyemtangulia, na mna wimbo wa mtunzi Cole Porter. Katika Bemsha Swing dramu na besi zinashikilia mapigo ya kumfanya mtu atikise mguu. Mikono ya Taylor ndiyo inayokataa kutulia, mara inawahi, mara inachelewa, mara inaangusha rundo la nota pale ambapo Monk angetosheka na mbili.

Kipande ninachomwomba mwandishi akisikilize kabla ya kushika kalamu tena ni huo wa Cole Porter, You'd Be So Nice to Come Home To, kwa sababu hapo wenzake wote wananyamaza na Taylor anapiga peke yake. Dramu ya kumkumbusha mapigo haipo, kwa hiyo anayabeba mwenyewe na kuyatua anapotaka. Kijisehemu cha wimbo kinajitokeza, unakitambua, na kabla hujaanza kukiimba kimoyomoyo kimeshazama. Mimi ilinibidi nikirudie mara nne ndipo nikaacha kuutafuta wimbo na kuanza kuifuata mikono.

Kwa hiyo si sahihi kudai, kama makala ilivyodai, kwamba upigaji wa peke yake ulianza na albamu za Indent ya 1973 na Silent Tongues ya 1974. Kwamba rekodi hizo ni kubwa zaidi, sibishi. Lakini nionavyo mimi, yale aliyoyafanya peke yake mwaka 1956 ndiyo ambayo kundi lake lilihitaji miaka sita kuyafikia: mwishoni mwa 1962, katika ukumbi wa Café Montmartre mjini Copenhagen, alipiga na Jimmy Lyons kwenye saksofoni ya alto na Sunny Murray kwenye dramu, bila mpiga besi, na Murray hakuwa tena mtu wa kumhesabia mwenzake mapigo. Ukiisikiliza rekodi ya 1956 na hiyo ya Copenhagen kwa kufuatana, Unit Structures ya 1966 haikushtui tena.

Na huo msemo wa kwamba piano yake ni ngoma 88, yaani kila ufunguo ni ngoma, ambao waandishi wa jazi wameuchosha na makala yenu imeurudia, una ukweli wake, ila unamfanya msomaji adhani kuwa Taylor alijua kugonga tu. Katika Azure anamsikiliza Ellington kwa makini, na anapouacha wimbo unasikia kwamba anajua anachokiacha.

Ikiwa makala hiyo itaendelea, naomba sehemu inayofuata ianzie Boston.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi,
Dar es Salaam