Kwa nini makadirio ya ukarabati hubadilika lipu ikishabomolewa

Lalamiko linalojirudia kwa wateja wetu hapa Tabora ni kwamba tulipatana bei moja, kisha katikati ya kazi tukaleta nyingine. Hivi karibuni mteja mmoja alilitamka mbele ya mafundi kwa uchungu, akiamini ameibiwa, na anastahili jibu kamili.

Nyumba mpya hujengwa kwa ramani, na matofali yake huhesabiwa kabla ya msingi kuchimbwa. Nyumba kuukuu haihesabiki hivyo. Nyingi tunazokarabati Ng'ambo, Gongoni na Isevya zina kuta za matofali mabichi zilizopigwa lipu ya saruji miaka mingi baadaye, na hali ya udongo ulio nyuma yake haijulikani mpaka patasi iingie. Ndiyo maana makadirio yetu huwa na fungu la dharura la asilimia 10 hadi 15, ambalo wateja wengi hutaka likatwe kwanza ili bei ishuke.

Njia ya mkato inayotusikitisha zaidi ni kubandua lipu iliyoachia na kupiga nyingine yenye saruji nyingi, kisha kuifunika kwa rangi ya mafuta. Ukuta wa udongo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu kupitia uso wake. Saruji nzito na rangi hiyo huyafungia ndani, yakapanda juu zaidi na kulainisha tofali. Katika nyumba moja ya Isevya iliyorekebishwa namna hiyo kwa bei nafuu, mvua za msimu mmoja zilitosha kuangusha lipu yote ya chini. Tulipougusa ukuta, kidole kilizama kwenye tofali, na fremu ya mlango ilikuwa imeliwa na mchwa hadi ikabaki ganda la rangi. Mwenye nyumba alilipia lipu mara mbili, kisha akalipia mirunda ya kuegemeza paa na kujengwa upya kwa sehemu ya chini ya ukuta, kipande kwa kipande.

Bei yetu iko juu kwa sababu tunaanza na paa, tunachimba mfereji wa kuondoa maji, tunauacha ukuta ukauke, ndipo tunapiga lipu ya chokaa na mchanga, ambayo hukauka polepole na kuwaweka mafundi kazini muda mrefu zaidi. Hatuoni sababu ya kuiombea radhi bei hiyo.

Hata hivyo, mteja ana haki ya kujua mapema. Kuanzia sasa tutafungua lipu sehemu kadhaa na kudunga kenchi za paa kwa bisibisi kuona kama mbao zimeliwa, kabla ya kuandika makadirio, na nyongeza yoyote itaandikwa na kusainiwa kabla ya kazi kuendelea. Kwa kuwa mvua zetu huanza Novemba, anayetaka ukuta upate muda wa kukauka atuite mwezi Mei au Juni.