Tukijifunza Kiingereza kwa filamu, tusiache majibu

Ndugu Mhariri,

Wanaojifunza Kiingereza kwa filamu za zamani wamechagua njia nzuri, ila wengi huokota msamiati na kuacha adabu. Kwetu sisi, ukisema "naomba maji" umeshamaliza. Heshima imo ndani ya kitenzi. Mwingereza akiambiwa "Give me water, please" bado anasikia amri, hata "please" ikiwepo. Alichozoea ni swali: "Could I have some water, please?"

Kwa anayeanza napendekeza Brief Encounter ya mwaka 1945, iliyoongozwa na David Lean. Mengi hutokea kwenye mkahawa wa stesheni ya reli, mahali pa kuagiza chai na kuombana radhi. Mama mmoja anaingiwa na taka jichoni, na daktari asiyemjua anajitolea kumtazama. Kipande hicho kifupi kina kujitolea, kusita kwa upole, kukubali na kushukuru.

Chukua kipande cha dakika mbili, usizidishe. Kwanza sikiliza bila manukuu. Kisha weka manukuu ya Kiingereza, si ya Kiswahili, maana jicho likishasoma Kiswahili sikio hulala. Halafu chora safu mbili kwenye daftari: kushoto maneno ya anayeanza, kulia ya anayejibu. Safu ya kulia ndiyo inayosahaulika, na ndiko watu wanakoanguka. Mtu akikwambia "Would you mind opening the window?" anakuuliza kama utaona vibaya kufungua dirisha. Ukijibu "Yes" ukidhani umekubali, umekataa. Sema "Not at all", kisha ufungue. Ugumu wa namna hiyo uko pia kwenye maswali ya kukanusha. Ukiulizwa "Hujala?" Kiswahili kinakuruhusu kujibu "Ndiyo, sijala", Kiingereza kinataka "No, I haven't."

Kiimbo nacho kina kazi yake. "I beg your pardon" ikipanda mwishoni, mtu anaomba urudie ulichosema. Ikishuka, anaomba radhi. Maandishi ni yale yale, kwa hiyo kitabu hakiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Ndiyo sababu kasi ya filamu ipunguzwe tu wakati wa kunasa maneno, kisha irudishwe ya kawaida, kwani sauti iliyovutwa hupoteza kiimbo. Jirekodi kwa simu, sikiliza sauti ya mwigizaji, kisha yako, na utege sikio mwisho wa sentensi.

Neno "sorry" linahitaji uangalifu wa pekee. Tunalitumia mahali pa "pole", na sisi kwa sisi tunaelewana. Lakini mgeni aliyejikwaa ngazini akiambiwa "sorry" anaweza kushangaa, kwani hukumsukuma wewe. Mwulize "Are you all right?" Akikueleza kuwa ana mgonjwa nyumbani, hapo ndipo pa "I'm sorry to hear that."

Si kila filamu maarufu inafaa. His Girl Friday ya 1940 ni kazi bora, lakini waigizaji wanaingiliana maneno kwa kasi hata mwenye Kiingereza kizuri huachwa nyuma. Roman Holiday ya 1953 ni nyepesi zaidi. Mwishoni binti mfalme anasalimiana na waandishi wa habari mmoja mmoja, kila mmoja kwa maneno machache. Ila ujue kilichopitwa na wakati: "How do you do?" haikuwa swali la hali, na jibu lake lilikuwa "How do you do?" vilevile. Leo tumia "Nice to meet you."

Ombi langu ni kwa walimu wa vyuo vya hoteli na utalii, kuanzia Zanzibar hadi Mombasa. Wanafunzi wenu watasimama mapokezi wakimweleza mgeni aliyechoka na safari kwamba chumba hakijawa tayari. "The room is not ready" ni kweli tupu, na inakwaruza. "I'm afraid the room isn't ready yet" inabeba masikitiko, ingawa neno "afraid" huwatisha wanaolitafsiri kama hofu. Mtihani wa mazungumzo uwe wa jozi, mmoja aombe na mwingine ajibu, na alama zigawanywe sawa kati ya ombi na jibu.

Mwalimu wa Kiingereza,
Tanga