KUH: Nta yenu ya kahawia inayotoa rangi kwenye fremu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni fundi wa fremu za picha hapa Mji wa Kale, Mombasa. Nalalamikia nta yenu ya kahawia, ile ya kopo dogo, niliyoinunua kwa wakala wenu. Risiti na picha nimeziambatisha.

Kopo limeandikwa kuwa ndani mna nta ya nyuki na karnauba (nta ngumu ya mmea), na kwamba hukauka kwa saa moja. Nimeipaka kwenye mvule uliopigwa msasa laini na kupakwa mkono mmoja wa shelaki, ile vanishi ya asili, kama maelezo yenu yanavyotaka. Nikailaza usiku kucha ndipo nikaisugua kwa kitambaa cha pamba. Iling'aa vizuri, sikatai. Lakini fremu iliyotundikwa imeacha mstari wa kahawia kwenye chokaa ya ukuta, na mteja mwingine aliyeipakata yake akitoka dukani aliingia madoa kifuani, kwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa. Kanzu hiyo nimeilipa mimi.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba Mombasa kuna joto. Alhamdulillahi, hilo twalijua. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi za selsiasi na karnauba hupita 80; ndiyo maana huchanganywa, ili nta iwe ngumu. Hata kaskazi ikivuma, ukuta wa ndani haukaribii hapo. Tena kopo lenu la nta nyeusi nililitumia kwa mbao zilezile, msimu uleule, na halijatoa hata alama. Basi kasoro imo koponi. Nashuku mmezidisha nta laini ya parafini au mafuta, na rangi yenyewe haikusagika: ukiipekecha kwa vidole wasikia chembechembe. Mlichotia mwakijua nyinyi.

Kuitoa ndiko kulikonitesa. Mkono mmoja wa shelaki hauzibi vinyweleo vya mvule, kwa hiyo nta imejaa humo, na yakibaki mabaki kidogo tu, vanishi haishiki juu yake. Msasa nao hujaa nta na kuisukuma ndani zaidi. Nimefuta kwa tapentaini, ambayo ina jema moja, haiigusi shelaki ya chini, na kwenye pembe zenye nakshi nimetumia mswaki. Kazi ya nakshi ndiyo inayonilisha.

Nataka mnirudishie bei ya makopo, mlipe tapentaini na kanzu, na mnieleze kwa maandishi kilichomo ndani hasa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kupewa habari zake. Makopo ya toleo hilo yaliyobaki madukani yaondolewe. Mafundi wenzangu wanayanunua bado. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Kopo lililobaki nimelihifadhi. Mkitaka kulipima, tumeni mtu alichukue, ila tafadhali asije na jingine la kahawia kama fidia.

Wenu,
Fundi wa fremu, Mji wa Kale