Bi mkubwa kaanguka uani, fimbo hataki, dada anataka tumfungie ndani. Nifanyeje?

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za saa hizi. Naandika toka Tanga, Ngamiani huku, naombeni ushauri maana nyumbani tushagawanyika.

Bi mkubwa wangu ana miaka 76, akili timamu kabisa, anakudai hadi mia ulosahau. Wiki 5 zilopita kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia ndoo inabingirika uani, natoka mbio namkuta kakaa kwenye sementi mlangoni mwa msala, kanga chapachapa, namuuliza mama vipi, ananambia "nimekaa napumzika." Saa 10 usiku, gizani! Nikamwinua, akanikataza nisimwambie mtu. Siku ya 3 mke wangu akamuona anakuna nazi kwa mkono wa kushoto, kumgusa ule wa kulia akapiga ukelele. Picha ikaonesha ufa kwenye kifundo cha mkono, akafungwa hogo. Daktari akasema shukuruni si nyonga.

Nilivyochunguza pale uani nikaona aibu mwenyewe. Taa imeungua tangu mfungo, ndala zake soli imelika laini kama sahani, na maji ya udhu yanatuama palepale anapokanyaga. Halafu kumbe ile dawa ya presha inayokojoza alikuwa anaimeza usiku, ndo maana anaamka mara 3, akiinuka ghafla anashikwa na kizunguzungu. Daktari kamhamishia asubuhi (msijebadili wenyewe lakini, ulizeni kwanza) na kasema akiamka akae kidogo kitandani miguu chini ndo asimame. Taa na ndala nishabadili.

Kazi iko kwenye chuma cha kushikia msalani. Nyumba yetu ya zamani, miti na udongo, fundi kutoboa tu ukuta ukamwaga kifusi, skrubu haishiki kitu. Na mie mtoto wa kiume siwezi kuingia nae kule, mke wangu nae saa 11 yuko njiani kwenda kazini.

Sasa dada yangu wa Dar kasoma kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, wazee ndo wengi, basi kashika hapohapo, mama asitoke hata msibani, haja afanyie chumbani kwenye ndoo. Mama kajibu "mie si mtoto." Mie naona tunammaliza, hizi wiki za kukaa ndani tu kuinuka kitini kashaanza kusaidiwa, mtu alokuwa anaenda sokoni kwa mguu kuchagua samaki wake! Mtu wa mazoezi ya viungo kasema kila siku ainuke na kukaa kitini mara 10, kisha ashike kiti anyanyue visigino. Anafanya siku nikiwepo.

Fimbo ndo usiseme. Nimemnunulia nzuri ya mpira chini, anasema watu watamuona mzee. Juzi nimekuta wajukuu wanaangulia embe.

Walofanikiwa kumkubalisha mzazi fimbo bila ugomvi, mlianzaje? Na mafundi, kwa ukuta wa udongo nichimbie nguzo ya bomba sakafuni na zege au kuna njia nyingine? Nijibuni mapema, dada anakuja Ijumaa na keshasema anakuja na kufuli la mlango wa uani.